Kujiandaa na usaili wa ualimu ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili kwa mwalimu mpya

Kaka na dada zetu waliomaliza chuo miaka ya nyuma hawakupitia haya. Walijaza maombi kwenye mfumo wa TAMISEMI, wakasubiri majina, siku moja wakajikuta wamepangiwa Liwale au Nanyumbu, wakafunga mizigo. Sasa ajira za walimu serikalini zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na tangu usaili uliofanyika mikoani Januari na Februari 2025, kila mhitimu anajua kwamba cheti peke yake hakimfikishi darasani. Shule binafsi zimekuwa na usaili wao siku zote, na mara nyingi ni mgumu kuliko wa serikali.

Nimewahi kukaa kwenye jopo la kuajiri walimu katika shule moja ya huku kusini. Wengi wa wanaoanguka wanajua somo lao vizuri tu, ila wanajibu kama bado wako chuoni, kwa tafsiri na nadharia. Jopo linatafuta mtu wa kukabidhiwa darasa Jumatatu asubuhi. Ukilishika hilo, maandalizi mengine yote yanajipanga.

Hatua ya kwanza: akaunti na vyeti, kabla tangazo halijatoka

Fungua akaunti yako kwenye mfumo wa maombi wa Sekretarieti (Ajira Portal) mwenyewe, kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Nasema mwenyewe kwa sababu huku kwetu watu wengi wanafunguliwa akaunti na kijana wa steshenari pale stendi, anaweka barua pepe yake, nywila anaijua yeye, na miezi minane baadaye ameshahamia Dar es Salaam. Msaada wa kuskani na kupakia nyaraka hauna ubaya, lakini akaunti iwe mkononi mwako. Kuomba ni bure. Anayekuambia umtumie hela ili jina lako "lisukumwe" ni tapeli.

Angalia pia mahali ulipojaza kuwa unaishi. Usaili wa walimu wa 2025 ulipangwa kwa mikoa ambayo waombaji walisema wanaishi. Kama ulisoma Dodoma ukajaza Dodoma, halafu sasa umerudi kwenu Tandahimba, badilisha kabla dirisha la maombi halijafungwa. Nauli ya kwenda na kurudi Dodoma ni hela ya kula mwezi mzima, na kila msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi.

Barua ya maombi iwe fupi, itaje nafasi kwa jina lake kamili kama tangazo lilivyoandika (kwa mfano Mwalimu Daraja la III B kwa mwenye stashahada, III C kwa mwenye shahada), na iwe na saini yako. Barua isiyosainiwa ni sababu ya kawaida kabisa ya mtu kukatwa.

Halafu vyeti. Siku ya usaili wanataka vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kwa aliyepitia huko, na cha taaluma. Karatasi za matokeo, matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kwamba ulisoma hazikubaliwi. Kama cheti chako bado kiko chuoni kwa sababu ya deni la ada, lishughulikie deni hilo sasa. Ongeza kitambulisho: cha taifa (NIDA) ndicho bora, ingawa matangazo huwa yanaruhusu pia cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria.

Majina ndiyo yanayowatoa watu machozi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha kidato cha nne Khamis, NIDA wameongeza jina la babu. Ukiona tofauti hata ya herufi moja, nenda kwa wakili akuandalie hati ya majina (deed poll), isajiliwe, na upakie nakala kwenye mfumo. Usajili unachukua muda, kwa hiyo usisubiri kuitwa ndipo ukimbizane nao. Panga vyeti vyako vyote mezani leo usome jina kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi.

Hatua ya pili: mtihani wa mchujo

Waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo kuna mtihani wa kuandika kwanza. Jiandae kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni somo lako. Chukua muhtasari wa sasa wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na mitihani ya nyuma ya NECTA ya ngazi utakayofundisha, uifanye yote kwa kalamu. Mwalimu wa Hisabati anayebabaika kwenye maswali ya kidato cha pili hana pa kujificha. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya TET, ukiwa na bando la kutosha kuvipakua.

Fungu la pili ni ualimu wenyewe. Hapa mtego mkubwa ni mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024. Kama ulihitimu kabla ya hapo, maneno mengi uliyokariri yamebadilika. Muhtasari wa sasa unazungumzia umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji, na muundo wa andalio la somo nao umebadilika. Nenda shule ya jirani, mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe azimio la kazi na andalio linalotumika sasa, ulinakili kwa mkono. Jua ngazi za Bloom (hatua za kufikiri, kuanzia kukumbuka hadi kubuni) na uweze kutunga swali moja la kila ngazi katika mada yako, kwa sababu kuzitaja tu anaweza kila mtu. Jua tofauti ya tathmini endelevu na tathmini ya mwisho, na namna ya kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu katika darasa la kawaida.

Fungu la tatu ni sera na utumishi. Orodha si ndefu, isome mpaka uizoee:

- Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023: elimu ya lazima miaka kumi, shule ya msingi miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027.
- Sheria ya Elimu ya 1978 na marekebisho yake. Anayempa mimba mwanafunzi anafungwa miaka 30.
- Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, uliofungua mlango kwa waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi shuleni.
- Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), iliyoundwa kwa sheria ya 2015: inasajili walimu wa serikali, inathibitisha kazini, inapandisha vyeo na kusimamia nidhamu.
- Kipindi cha majaribio cha miezi kumi na miwili, maadili ya utumishi wa umma, na PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya OPRAS.

Ukiitwa, ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani kabla ya kusafiri. Siku yenyewe mtandao unaweza kuzingua, nawe huwezi kuanza kuutafuta mlangoni.

Hatua ya tatu: safari

Januari na Februari huku ni msimu wa mvua za kweli. Anayetoka Liwale kwenda Lindi mjini, au aliye kijijini Nanyumbu akielekea Mtwara, asipange kusafiri alfajiri ya siku ya usaili. Fika jana yake. Kama una ndugu mjini, tuseme Chikongola au Mitengo kwa aliyeitwa Mtwara, lala kwake. Kama huna, ungana na wenzako wawili mchange gesti. Nenda jioni ukaone jengo la usaili kwa macho, ujue bodaboda inachukua muda gani. Vyeti viweke kwenye bahasha ya plastiki ndani ya begi unalolipakata, usilitupe kwenye buti ya basi.

Mavazi nitayapitia haraka. Vaa vile ambavyo ungevaa kuingia darasani siku mkaguzi anakuja: nguo safi, ya heshima, iliyopigwa pasi, viatu ulivyokwisha kuvizoea. Hakuna haja ya kukopa suti. Joto la Mtwara litakufanya uloe jasho ndani yake, uonekane mwenye hofu kuliko ulivyo.

Hatua ya nne: mahojiano ya ana kwa ana

Unaingia, unasalimu. Kama wanajopo ni watu wazima kwako, "shikamooni" inatosha na inapendeza. Kama wapo wa rika lako, "habari za asubuhi" haimkwazi mtu. Subiri uambiwe kukaa.

Jiandae kwa lugha zote mbili. Shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza isipokuwa masomo kama Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili. Mwombaji wa sekondari anayejieleza vizuri kwa Kiswahili kisha akakwama anapoulizwa somo lake kwa Kiingereza anajipunguzia alama mwenyewe.

"Jieleze" huwa la kwanza. Jibu kwa dakika moja na nusu: jina, ulichosoma na wapi, masomo unayofundisha, mazoezi ya kufundisha uliyafanya shule gani na darasa gani, na jambo moja ulilolifanya huko likaonekana. Kwa mfano: "Nilikuta wanafunzi kumi na wawili wa darasa la tatu hawajui kusoma silabi, nikawa nakaa nao dakika ishirini kabla ya vipindi, nilipoondoka tisa walikuwa wanasoma sentensi." Jopo litakumbuka hilo. Habari za wazazi wako, dini yako na umezaliwa wa ngapi hazina kazi hapa. Na usitunge, maana swali la pili litakuwa "ulitumia njia gani?"

Maswali ya hali halisi ndiyo yanayochuja, na kwa anayetaka kufundisha kusini mengine yanatoka hapahapa mtaani kwetu. Chukua hili: "Ni Oktoba, wanafunzi wako nusu hawaji shule kwa sababu ya korosho. Utafanya nini?"

Jibu la chuoni ni "nitawaelimisha wazazi umuhimu wa elimu". Kila mtu anasema hivyo, na mzazi wa Newala ameelimishwa tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Anayeishi huku anajua kwamba msimu wa kuokota unakutana na mitihani: upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne vyote huanza kati ya Oktoba na Novemba. Anajua pia kwamba mtoto anaokota asubuhi, na kwamba hela ya mnada ndiyo inayonunua sare za Januari. Kwa hiyo jibu lenye uzito linaanza na daftari la mahudhurio: nani hayupo, siku zipi, anatoka kitongoji kipi. Kisha unampelekea mwalimu mkuu orodha, mnakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya shule kukubaliana watoto waje kwanza, waokote mchana. Mada nzito unazimaliza kabla ya Oktoba, na msimu wenyewe unaufanya wa marudio, ili aliyekosa siku tatu asipotee kabisa. Mwishoni unataja utaratibu wa utoro kwa mzazi anayekaidi. Jibu hilo linaonyesha unapajua mahali, unaujua uongozi wa shule, na sheria hukuikimbilia kabla ya mazungumzo.

Swali la jando na unyago linakuja kwa sura hiyohiyo. Usiibeze mila mbele ya jopo. Huenda aliyekaa katikati ni Mmakonde au Mmwera aliyechezwa na kuwacheza wanawe. Zungumzia muda: sherehe zikae ndani ya likizo, na shule ikae na wazee, makungwi na manyakanga wanaoziendesha mapema kabla hawajapanga tarehe.

La viboko nalo: "Mkuu wa shule amesafiri, mwanafunzi amekutukana darasani. Utamchapa?" Wengi wanasema ndiyo kwa kujiamini, wengine wanasema viboko vimepigwa marufuku. Wote wamekosea. Kanuni za 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa kosa kubwa tu, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa mamlaka kwa maandishi, isizidi viboko vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Wewe huna hayo maandishi, kwa hiyo hushiki fimbo. Unamtuliza, unaendelea na kipindi, unampeleka kwa mwalimu wa nidhamu, unaandika kilichotokea, na baadaye unakaa naye kujua ametoka na nini nyumbani.

"Ukipangiwa kisiwa cha Songo Songo, au kijiji cha ndani Liwale chenye tembo?" Sema utakwenda, kisha sema utaishije: utaripoti, utatafuta nyumba karibu na shule, utauliza wenyeji saa za salama za kutembea. Kama huwezi kweli kwenda, ni afadhali usiombe nafasi za serikali kuliko kuahidi ukaanza kutafuta uhamisho wiki ya pili.

Hatua ya tano: somo la mfano

Shule binafsi karibu zote zitakutaka ufundishe, ama mbele ya wanafunzi au mbele ya jopo linalojifanya wanafunzi. Hata ukiwa unaenda usaili wa serikali, andaa somo la dakika kumi, kwa sababu swali la "utafundishaje mada hii?" linahitaji kitu hichohicho.

Chagua mada moja unayoipenda na moja unayoiogopa. Kila moja iandalie zana za kuokota. Hakuna kinachowachosha wanajopo kama mwalimu mpya anayesema angetumia projekta, wakati shule haina hata soketi.

Mfano wa msingi: kugawanya kwenye baki, darasa la tatu. Njoo na korosho 24 kwenye mfuko. Wape wanajopo: "Wagawieni watoto watano sawasawa." Waache wagawe kwa mikono. Kila mtoto anapata nne, nne zinabaki. Uliza, "Hizi tuzifanye nini?" Atakayesema "tule" ameshaingia kwenye somo. Ndipo unaandika ubaoni 24 ÷ 5 = 4 baki 4, ukionyesha kila tarakimu imetoka wapi mezani. Kisha toa swali jipya bila korosho, wafanye wenyewe, nawe upite kuangalia madaftari. Msahihishe aliyekosea kwa kumuuliza alivyofikiri. Umemaliza.

Mfano wa sekondari: asidi na besi. Loweka choya (rosela) kavu za sokoni kwenye maji ya moto usiku uliotangulia, weka kwenye chupa. Siku ya usaili beba ndimu na maji ya majivu yaliyochujwa. Maji ya choya ukiyatia ndimu yanakolea wekundu. Ukiyatia maji ya majivu yanageuka kijani. Waulize wanafunzi wanatarajia nini kabla ya kumimina, kwa sababu hapo ndipo sayansi ilipo. Maabara yako yote imegharimu pungufu ya chai na chapati mbili, na mkuu wa shule ameona kwamba hata kemikali zikiisha, kipindi hakitalala.

Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti, na saa ikiwa mezani. Wadogo zako nyumbani wanatosha kuwa darasa, na ni wakali kuliko jopo lolote, maana wakichoka wanaondoka. Tazama mambo matatu hasa: unaandika ubaoni bila kuwapa mgongo muda mrefu, unauliza swali kwanza ndipo unataja jina, si jina kwanza, na unaacha sekunde chache za kimya baada ya kuuliza. Mwalimu mpya anaogopa kimya, anauliza na kujibu mwenyewe. Wanajopo hulihesabu hilo.

Muda ukiisha kabla hujamaliza, simama. Sema sehemu iliyobaki ungeifanyaje kwa sentensi moja.

Hatua ya sita: ukiwa shule binafsi, uliza nawe

Wakikuuliza kama una swali, usiseme huna. Uliza idadi ya vipindi kwa wiki, darasa lina wanafunzi wangapi, kama kuna zamu za bweni, na mkataba ni wa muda gani. Mshahara uzungumzwe baada ya wao kuonyesha wanakutaka. Hakikisha unapewa mkataba wa maandishi na kwamba michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa: jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na kinachokatwa kwako hakizidi asilimia 10. Likizo ya mwaka ni siku 28 kisheria. Shule inayokwambia "anza kwanza, mkataba tutaandika" inaweza kukuweka hivyo mpaka mwaka wa pili, na ukidai mshahara huna karatasi ya kuonyesha.

Hatua ya saba: kusubiri

Matokeo ya serikali yanatoka kwenye akaunti na kwenye tovuti ya Sekretarieti. Ukifaulu ukakosa nafasi, jina lako linaweza kubaki kwenye kanzidata na ukaitwa nafasi ikipatikana, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu hovyo. Ukiwa unasubiri, jitolee shule ya karibu hata siku mbili kwa wiki, na mwombe mwalimu mkuu barua inayotaja darasa na somo ulilofundisha. Ukiangushwa kwenye mchujo, andika jioni hiyohiyo maswali yote unayoyakumbuka, kwenye daftari, kabla hujapanda basi la kurudi Masasi.

Barua ya kupangiwa kituo ikitoka, soma tarehe ya mwisho ya kuripoti kabla ya kuanza kupiga simu za kushangilia. Vyeti halisi vinabebwa tena, pamoja na nakala, picha ndogo na namba ya akaunti ya benki yenye majina yaleyale ya NIDA.